Uhuishaji na Mwenye Kuhuisha: Kiboko wa Ziwa Babati Kwenye Skrini

Kiswahili kimeipa kazi ya kuzitembeza picha jina zito: uhuishaji, kutokana na neno hai. Kwa Waislamu kuhuisha ni sifa ya Mungu, na katika majina yake 99 limo Al-Muhyi, Mwenye kuhuisha. Fundi anapomtembeza mnyama ndani ya mandhari ya pande tatu, swali limeshazaliwa kwenye jina la kazi yake: mnyama huyo anatembezwa na nini hasa?

Ziwa Babati, lililo ukingoni mwa mji wa Babati mkoani Manyara, linajulikana kwa viboko wake. Anayetaka kulijenga ndani ya kompyuta huanza na nuru, kwani bila taa kila kitu ni giza, hata kama Mlima Kwaraa ulio jirani na ziwa umekwisha kusimamishwa. Katika Blender, programu ya bure inayotumiwa sana, mojawapo ya taa hizo huitwa jua, na huzungushwa kwa kidole. Wairaqw wa mkoa huu wana neno moja, Looaa, kwa jua na kwa Mungu. Inafaa kulikumbuka kidole kinapoligeuza jua la skrini.

Kiboko mwenyewe ni wavu wa pembetatu uliovikwa ngozi, na ndani yake hutiwa mifupa. Fundi hupanga mikao michache: kichwa kimezama, kichwa kimeibuka, kinywa kimepanuliwa. Mikao ya katikati hujazwa na kompyuta. Kisha huandika sharti: mtazamaji akigusa maji, kiboko aibuke. Mguso unapofika, hakuna kinachosukumwa. Kompyuta huichora picha nzima upya, hata mara 60 kwa sekunde, na kila mara kiboko huwa amepanda kidogo. Mawimbi hayatokani na mwili wake. Yamechorwa kwa kuwa kanuni imeamuru yachorwe anapoibuka.

Hapo ndipo anapokumbukwa mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokikamilisha mwaka 1095, alitoa mfano wa moto na pamba. Jicho huona moto ukiigusa pamba, kisha huiona pamba ikiungua. Kwamba moto ndio ulioiunguza, jicho halikuliona hilo. Kwa Waashari, kundi la wanatheolojia wa Kiislamu alilokuwamo al-Ghazali, ambao itikadi yao ilienea pwani ya Afrika Mashariki sambamba na fikihi ya Kishafi, kila tukio huumbwa na Mungu kwa wakati wake, na kufuatana kwa matukio ni desturi aliyoiweka Yeye. Kuhusu ulimwengu, hoja hiyo bado inabishaniwa. Kuhusu mandhari ya kompyuta, ni kweli tupu: moto wa skrini hauunguzi chochote, ila majivu huchorwa baada yake.

Mguso nao una fungu lake. Waashari hufundisha kwamba kitendo huumbwa na Mungu na mwanadamu hukichuma. Fundisho hilo huitwa kasb. Kiboko akiipindua mitumbwi ya wavuvi kwa sababu mtoto ameligusa ziwa kwa pupa, kupindua huko kulikwisha kuandaliwa na fundi, lakini aliyekuchuma ni mtoto. Lawama haimtoki fundi, wala mtoto hasalimiki nayo.

Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu al-Ghazali kwamba anayekana sababu anaikana akili yenyewe, na meza ya fundi inamuunga mkono. Umeme ukikatika, ziwa, mlima na jua hutoweka pamoja, na fundi hana amri juu ya umeme huo. Hata kazi ya mikono yake humshangaza. Akisahau kuipa sakafu ya ziwa ugumu, kiboko hupenya tope, akapita chini ya Kwaraa na kuzidi kudidimia kwenye utupu usio na mwisho, miguu ikiendelea kupiga hatua, mpaka programu izimwe.