Nani Ainame?

Kompyuta ya mjomba wangu ilikataa zawadi yangu mara tatu, na tangu siku hiyo kuna swali limenikwama kichwani: mtu na mtu wasiposomana, nani anatakiwa kuinama?

Mjomba ni mwalimu mstaafu, anaishi Garsen. Kompyuta yake ni ya miaka ya tisini, skrini nene yenye mgongo, Windows 98, na trei ya CD inayotoka ikikoroma. Mto Tana ulipofurika 2018, aliibeba hiyo kwanza, godoro baadaye. Mtaa mzima ulicheka.

Zamani alizunguka vijijini na redio ya kaseti, akirekodi wazee wa kando ya mto. Mmoja wao ni babu yangu, akisimulia mafuriko ya 1961. Kanda zilipoanza kuharibika nilizichukua hadi Mombasa, nikageuza sauti kuwa mafaili, nikayachoma kwenye diski. Nikapanda basi la Lamu na kushuka Garsen nikijiona shujaa.

Diski ya kwanza ilikuwa DVD. Trei ile inajua CD peke yake, basi ikazunguka, ikanyamaza. Ya pili ilikuwa CD ya kufutika na kuandikwa upya. Kimya. Ya tatu ilikuwa CD ya kawaida, lakini sikuwa nimeifunga. Niliiacha wazi eti niongeze mafaili baadaye. Kompyuta ikaiona tupu.

"Mjomba, si nikuwekee kwenye simu tu?" nikasema. "Hii mashine imechoka."

Hakukasirika. "Kwa simu nitakuwa namwita mtoto wa jirani kila siku anifungulie. Hii naifungua mwenyewe."

Jibu hilo lilinikalisha chini. Mimi nilidhani tunabishana kuhusu mashine, kumbe yeye alikuwa anazungumzia heshima yake.

Halafu kuna jambo lingine. CD ya dukani hupigwa chapa kiwandani: vishimo vidogo sana, na juu yake alumini inayorudisha mwanga vizuri. Ile tunayochoma nyumbani haina vishimo hivyo. Ina tabaka la rangi ambalo leza hulibadilisha kwa joto, na mwanga unaorudi hupungua. Ya kufutika ndiyo mbaya zaidi. Hurudisha chini ya nusu ya mwanga wa ile ya kiwandani. Jicho la mashine nyingi za zamani halikuundwa kuona mwanga hafifu hivyo. Yaani niliandika kwa wino uliopauka, kisha nikamlaumu msomaji kwamba haoni.

Najua utasema: kwani tutabeba vitu vya zamani hadi lini? Ni swali la haki. Mashine ile itakufa, na anayekataa kabisa kujifunza huwachosha wenzake. Lakini tazama hali ilivyokuwa. Mimi niliweza kuandika kwa njia nne au tano. Yeye aliweza kusoma kwa moja. Naona mwenye njia nyingi ndiye wa kuinama, kwa sababu kwake kuinama ni kazi ya saa moja tu. Mwenye njia moja ukimwambia ainame, unamwambia aache.

Na swali hili si la nyumbani tu. Juu ya mto, kaunti hii hii, kuna Hola. Tarehe 3 Machi 1959 walinzi wa kambi waliwapiga waliozuiliwa pale hadi 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Wakoloni walipoondoka Kenya, walichoma baadhi ya mafaili yao na mengine wakayasafirisha Uingereza. Yalikaa yamefichwa Hanslope Park hadi 2011, pale kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoilazimisha serikali ya huko kukiri kwamba yapo. Karatasi zilitunzwa vizuri, lakini walioumia walizeeka bila kuzisoma. Mwenye ufunguo hakutaka kuinama. Kutunza habari za mtu mahali asipoweza kuzifikia ni kumnyang'anya kwa upole.

Basi nikaenda saiba, nikanunua CD tupu ya kuandikwa mara moja. Nikaichoma kwa kasi ya chini kabisa, nikaifunga. Niliporudi nikapangusa lenzi kwa pamba; vumbi la Garsen si mchezo. Nakala nyingine nikaiweka kwenye flashi, kwa ajili ya siku mashine itakapokata roho.

Trei ikakoroma, ikaingia. Baada ya muda mrefu, babu akakohoa, akaanza kusimulia jinsi maji yalivyoingia usiku.

Mjomba hakuniambia asante. Alishika mausi mwenyewe, akarudisha nyuma hadi kwenye kile kikohozi, akasikiliza tena.