Dhamana Bila Mamlaka

Swali la tofauti kati ya meneja wa bidhaa na mmiliki wa bidhaa huulizwa kana kwamba ni la ofisi ya utumishi. Mimi naliona ni swali la haki.

Programu moja, watu wawili. Meneja wa bidhaa hutazama soko: wateja ni akina nani, wanataabika wapi, washindani wana nini, bei iwe ipi, mwaka ujao tufike wapi. Mmiliki wa bidhaa hushinda na watengenezaji. Huipanga orodha ya kazi, huwafafanulia kinachotakiwa, huamua hiki kianze na kile kisubiri. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huja siku mteja mkubwa anapodai kitu kisichokuwemo kwenye orodha, na lazima apatikane mtu wa kumwambia hapana.

Kazi hizi mbili hazikuzaliwa nyumba moja. Ya meneja ni kongwe. Mwezi Mei 1931 Neil McElroy, kijana wa idara ya matangazo ya Procter & Gamble huko Cincinnati, aliandika waraka akitaka kila chapa ya kampuni iwe na watu wake wa kuibeba, wakifuatilia mauzo yake na kutafuta dawa pale inapodorora. Yeye alihangaika na sabuni ya Camay, iliyokuwa imefunikwa na ndugu yake Ivory. Ya mmiliki wa bidhaa inatokana na Scrum, utaratibu wa kutengeneza programu ambao Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliuwasilisha hadharani mwaka 1995, miaka sita kabla ya Azimio la Agile, tamko la watengenezaji programu. Mwongozo wao, katika toleo la 2020, haumtaji kabisa meneja wa bidhaa. Lakini kuhusu mmiliki unasema wazi: ni mtu mmoja, si kamati, na taasisi nzima haina budi kuheshimu maamuzi yake.

Sharti hilo la heshima ndilo kampuni nyingi huliacha mlangoni. Huchukua cheo, huacha mamlaka. Mikakati hubaki kwa meneja ghorofani, na mmiliki hugeuka tarishi wa kupeleka maagizo chini na kurudisha visingizio juu. Kazi ikiharibika, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kumdai mtu hesabu ya jambo ambalo hakuruhusiwa kuliamua ni dhuluma, hata ikifanywa kwa adabu na kwa barua pepe nzuri.

Hilo halina maana kwamba watu wawili ni wengi mno. Bidhaa ikikua, jicho la nje na jicho la ndani huhitaji watu tofauti. Kinachohitajika ni maarifa ya aliye karibu na watumiaji yaweze kugeuza uamuzi wa aliye mbali. Tuitazame M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu. Nick Hughes wa Vodafone ndiye aliyeibeba fikra na kuitafutia fedha. Mwenzake, Susie Lonie, alikuja Kenya kusimamia majaribio yaliyoanza Oktoba 2005. Vyeo vyao si hoja hapa. Huduma ilikusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Wateja wakaitumia watakavyo: waliwatumia wenzao pesa, wafanyabiashara wakalipana, wengine waliweka fedha kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa walikofika. Hayo hayakuwa kwenye mpango, na yangeweza kuandikwa kama matumizi mabaya kisha yakazibwa. Yalisikilizwa. Machi 2007 Safaricom ilipoizindua M-Pesa, ahadi kwa Wakenya ilikuwa kutuma pesa nyumbani, na mkopo haukuwa tena kiini chake.

Ndiyo maana siridhiki na michoro inayogawa kazi hizi kwa mstari, mkakati huku, utekelezaji kule. Anayepanga leo kazi ipi itangulie tayari anaamua bidhaa itakuwa nini kesho, apende asipende.

Basi, wewe mkurugenzi unayetaka kumteua mmiliki wa bidhaa, simama naye mbele ya mauzo, fedha na wakuu wenzako, utamke kwamba neno lake juu ya orodha ni la mwisho, hata juu ya maombi yako mwenyewe. Kama huwezi kulitamka hilo, usimpe cheo.