Tiketi Rahisi, Karasha Ghali



Enzi zetu, wanangu wa Kahama, Katoro, Kakola na Mwadui, kijana wa Usukumani akiaga safari ya mbali, watu walielewa anakwenda Dar es Salaam. Leo tajiri wa duara la dhahabu anaagana na wenzake Rwamgasa mwanzo wa wiki, na wiki haijaisha yuko Guangzhou anabishania bei ya kompresa. Wengine mnakwenda Kalgoorlie, Australia, kusomea uhandisi wa migodi. Wengine mnaalikwa Toronto, kwenye mkutano wa madini wa PDAC unaofanyika kila Machi. Dhahabu imewafungulia dunia, nami mzee wenu nafurahi. Ila kuna jambo nimelitazama kwa muda, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimewadhulumu: hamjui kuchagua njia. Mnamuuliza wakala wa tiketi swali moja tu, "Ya bei ya chini ni ipi?", kisha mnalipa.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Katika safari ya saa ishirini au thelathini, usemi huo hauna mzaha. Tiketi haipimwi kwa bei yake peke yake. Inapimwa kwa hali utakayokuwa nayo siku ya kwanza ya kazi iliyokupeleka.

Mtazameni mnunuzi wa karasha, mtambo wa kusaga mawe. Amekata tiketi ya bei ya chini kuliko zote, ya kubadili ndege mara tatu. Usiku mzima amejikunja kwenye viti vya uwanja wa watu, begi kalifunga mguuni. Anashuka Guangzhou asubuhi na kumkuta mwenyeji wake anamsubiri na gari, tayari kumpeleka kiwandani. Saa za China zimetangulia zetu kwa saa tano, kwa hiyo saa tatu asubuhi ya kule ni saa kumi alfajiri ya Geita, saa ambayo mwili wake umezoea kuwa kitandani. Anaonyeshwa mota. Ubavuni mwa mota kumepigiliwa kisahani cha chuma chenye volti, hesi, kilowati na mizunguko kwa dakika. Umeme wetu ni wa hesi 50. Mota iliyotengenezewa hesi 60 ukiileta huku itazunguka polepole, itapungukiwa karibu sehemu moja ya sita ya mwendo wake, na ukiilazimisha itachemka. Mtu aliyelala vizuri anainama, anafuta vumbi, anasoma kisahani na kukipiga picha. Aliyechoka anatikisa kichwa, anaweka sahihi na kulipa asilimia 30 ya utangulizi ili akalale. Alichookoa kwenye tiketi hakifiki hata robo ya hasara itakayoshuka na konteina lenye mota hiyo.

Sasa tuanze njia yenyewe, na tuanzie hapa nyumbani, maana safari nyingi huharibika kabla ya kuvuka mpaka.

Wa Geita mmepata neema. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limeunganisha Kigongo na Busisi, na kivuko kilichowachelewesha wengi kimebaki historia. Lakini msilewe na daraja. Kiwanja cha ndege cha Mwanza kiko Ilemela, ng'ambo ya pili ya jiji. Ukitoka Geita au Shinyanga unaingilia Usagara, unapita Buhongwa, Nyegezi na Mkuyuni, unakata katikati ya mji ndipo ufike. Foleni ya pale haijui kama una ndege ya kwenda China. Anayesafiri mbali afike Mwanza jana yake au atoke nyumbani alfajiri.

Ukifika Dar es Salaam, kumbuka kwamba ndege nyingi za ndani hushukia Jengo la Pili, na za kimataifa huondokea Jengo la Tatu, lililozinduliwa mwaka 2019. Majengo hayo hayapakani. Utachukua mzigo, utatafuta teksi, utapanga foleni upya ya ukaguzi. Ukiacha saa mbili kati ya ndege na ndege umejitafutia presha ya bure.

Hapa ndipo penye onyo langu kubwa: kateni tiketi moja kutoka mwanzo hadi mwisho kila inapowezekana. Tiketi ikiwa moja, yaani safari nzima iko chini ya nambari moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua vipande viwili kwa sababu vimepungua bei, ndege ya Mwanza ikikawia kwa mvua, ile ya kimataifa inaondoka bila wewe, na wa kukulipa hayupo. Mzigo nao huleta balaa. Ndege za ndani mara nyingi hukuruhusu kilo 23, ilhali nyingi za kimataifa zinazotoka kwetu hukupa mabegi mawili ya kilo hizo hizo. Mwenye vipande viwili atalipia ziada Dar wakati wa kurudi, tena kwa bei ya kaunta. Kama hakuna budi kukata vipande, laleni Dar usiku mmoja. Nyumba ya wageni ya usiku mmoja ni nafuu kuliko tiketi ya pili.

Kuna vijana wanaopanda basi kutoka Shinyanga, karibu kilomita 1,000, wakashuka Dar jioni na kupanda ndege usiku uleule. Hilo nalikataza. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kwamba kukaa kitini kwa saa nne au zaidi, iwe ndani ya ndege, basi, treni au gari, huongeza karibu maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Ni hatari ndogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000, lakini inakua mtu anapounganisha safari moja na nyingine bila kupumzika. Basi la mchana kutwa likifuatwa na ndege ya usiku kucha ni kuitafuta. Kama nauli ya ndege ya ndani imekushinda, nenda na basi hadi Dodoma, ulale, kisha uchukue treni ya SGR iliyoanza kazi mwaka 2024. Ndani yake unanyoosha miguu na unatembea.

Tukija kwenye njia za angani, kila upande una hesabu yake.

Anayekwenda Guangzhou aulize kwanza kama Air Tanzania ina ndege ya moja kwa moja siku anazotaka. Ni safari ya saa kumi na moja hivi, bila kushuka njiani. Kwa mwenye mgongo mzima na anayepata usingizi upesi, hiyo ndiyo njia ya kuanza nayo. Tabu yake ni kwamba haziruki kila siku, kwa hiyo siku ya kurudi lazima uipange mapema. Njia ya Addis Ababa inakupa kipande kifupi cha saa tatu hivi, kisha kirefu cha zaidi ya saa kumi. Doha na Dubai zinaigawa safari karibu katikati, saa tano au sita kisha saba au nane. Mwenye magoti mabovu, mjamzito aliyeruhusiwa na daktari, au mzazi mwenye mtoto mdogo, mara nyingi atafika salama zaidi kwa njia iliyogawanyika hivyo, maana katikati atasimama, atanawa uso na kutembea.

Anayekwenda Australia Magharibi asidhani lazima apitie Uarabuni. Kuna ndege za Johannesburg hadi Perth, na kwa pasi yetu Afrika Kusini hatuhitaji viza kwa matembezi ya muda mfupi. Ukiona umechoka unaweza kutoka nje, ukalala kitandani, ukaendelea kesho. Perth nayo imetangulia kwa saa tano kama Guangzhou.

Na nyie wa Kahama mlio kwenye barabara kuu ya Rusumo, kumbukeni Kigali iko jirani. Kutoka pale kuna ndege za London, Dubai na Doha. Linganisheni njia hiyo na ile ya Mwanza na Dar kabla ya kulipa, ila mkumbuke saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Wakati wa kurudi, msafiri anayepanga kuwahi basi Kahama akasahau saa hiyo atalikosa.

Wa Toronto ndio wenye mtihani mkubwa. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa nane majira ya baridi, saba majira ya joto. Zaidi ya hapo, viza za kupita njiani huwanasa wengi. Ukipitia Marekani, hata kama hutoki nje ya uwanja, unatakiwa uwe na viza ya Marekani. Uingereza nayo humdai Mtanzania viza ya kupita uwanjani, isipokuwa wenye viza halali za nchi fulani, Kanada ikiwamo. Ukipitia mji mmoja wa eneo la Schengen, kama Amsterdam, na kuendelea moja kwa moja hadi Kanada, hudaiwi viza hiyo. Lakini wakala akikuuzia tiketi ya Amsterdam, kisha Paris, kisha Toronto, umeshaingia Ulaya kisheria, na bila viza ya Schengen hupandi ndege Dar. Tiketi hiyo ya miji miwili mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kwenye orodha. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo ulizeni ubalozi kabla ya kulipa. Na kadi ya njano ya homa ya manjano iwe ndani ya pasi: nchi nyingi humdai cheti mtu aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, na Ethiopia na Kenya zimo.

Kusubiri kati ya ndege na ndege kuna kipimo chake. Saa moja ni hatari, maana ndege ikikawia kidogo wewe unafika na begi lako linabaki. Saa kumi za kukaa kitini zitakumaliza. Saa mbili na nusu hadi nne zinatosha kupita ukaguzi, kwenda msalani na kuswali. Kama hakuna njia isipokuwa ya kusubiri usiku kucha, ulizeni shirika kama linatoa hoteli kwa wenye tiketi zake. Baadhi yao hutoa, na asiyeuliza hapewi.

Ulizeni pia aina ya ndege. Ndani ya Boeing 787 na Airbus A350 hewa hulingana na ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Katika ndege nyingine nyingi inaweza kufikia ya mita 2,400. Sisi wa Shinyanga tunaishi kwenye mita 1,100 hivi, kwa hiyo tofauti hiyo kifua kinaiona. Waliofanya kazi kwenye maduara miaka mingi wakipumua vumbi la mwamba, na sasa wanahema wakipanda ngazi, wasinunue tiketi ndefu kabla ya kumwona daktari wa kifua katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Huko juu oksijeni ni pungufu, na mapafu yaliyochoka hayaoni aibu kukuumbua. Wengine wote kunyweni maji, punguzeni pombe ya bure, vaeni viatu vinavyolegea, simameni kila baada ya saa moja au mbili. Kiti cha pembeni mwa njia ni cha mtu anayeinuka mara kwa mara. Cha dirishani ni cha mwenye usingizi.

La mwisho ni saa ya kufika. Mwili huzoea mabadiliko ya saa polepole, karibu saa moja kwa siku, na kwenda mashariki kunausumbua kuliko kwenda magharibi. Kwa hiyo aendaye China au Australia achague ndege inayofika alasiri au jioni, aoge, ale, alale usiku wa wenyeji. Siku ya kufika isiwe siku ya kuweka sahihi. Mwenyeji akikusubiri getini na gari la kiwanda, mshukuru, mwambie akupeleke hotelini, mkutane kesho saa nne. Mwenye mali ya kuuza atangoja. Asiyetaka kungoja hata usiku mmoja, jiulize anaharakia nini.

Najua mtasema mzee anazungumzia raha za matajiri. Sivyo. Sikumwambia mtu anunue kiti cha daraja la kwanza. Nimesema tiketi moja, ndege chache, usingizi njiani na siku moja ya kupumzika. Ziada yake ni ndogo mno mbele ya gharama ya mtambo, ya ada ya chuo au ya mkutano uliokupeleka.

Kwa hiyo mkifika kwa wakala, msianze na bei. Muulizeni: je, ni tiketi moja? Nabadili ndege mara ngapi, na nasubiri saa ngapi? Nahitaji viza ya kupita wapi? Ni ndege ya aina gani? Nafika saa ngapi za kule? Baada ya hapo ndipo mumuulize bei. Wakala anayeshindwa kujibu maswali hayo matano, mwachieni tiketi zake mkatafute mwingine.