Mlango wa Kugonga

Je, mnunuzi ana deni lolote kwa muuzaji baada ya kulipa bei? Wengi watajibu kwamba hana: pesa imetoka, bidhaa imepokelewa, kila mtu ashike njia yake. Nami niliamini hivyo, mpaka siku nilipolihama duka ambalo nilikuwa mteja wake kwa miaka minane. Duka lenyewe halina mlango wala kaunta. Ni duka la mtandaoni linalouza michezo ya kompyuta.

Msomaji asinicheke. Mimi ni mwalimu, mtu mzima mwenye mvi, na jioni nikirudi nyumbani Kibosho hupenda kucheza mpira wa kompyuta na mwanangu. Zamani nilinunua michezo hiyo kwenye CD kwa kijana mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Mbuyuni, mjini Moshi. CD ikikwaruzika, aliibadilisha bila maneno mengi. Kisha mtandao ukapanda hadi migombani kwetu. Duka la mbali likatoa punguzo kubwa, nami nikaokoa na nauli ya kushuka mjini. Yule kijana sikumuaga.

Miaka minane nilikuwa mteja mwema, hata walimu wenzangu niliwaelekeza huko. Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kulipa, na pesa zikakatwa mara mbili. Niliandika kueleza. Nilijibiwa na mashine, kwa heshima kubwa, kwamba malipo yamekamilika. Niliandika tena mara tatu; jibu lilikuwa lile lile. Nilipoiomba benki inirudishie malipo ya pili, duka likaifunga akaunti yangu, pamoja na michezo yote niliyokuwa nimeilipia tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba maduka ya aina hii mara nyingi hayauzi mali, bali ruhusa ya kuitumia. Mwaka 2024 kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilizima mitambo ya mchezo wake wa The Crew, uliotoka mwaka 2014, na walioununua hawakuweza kuucheza tena. Mwaka huo huo jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwataka wauzaji waseme wazi pale mnunuzi anapopata leseni tu. Sheria hiyo ni njema. Lakini mimi sikuondoka kwa sababu ya leseni, wala kwa sababu ya zile shilingi. Niliondoka kwa sababu hapakuwa na mtu.

Nilimkumbuka marehemu baba. Kahawa ya kijiji chetu ilipitia chama cha msingi hadi KNCU, ushirika ulioanzishwa mwaka 1933. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa katika msimu wa 1994/95, magari yao yalipanda mlimani yakiwa na fedha taslimu. Majirani wengi waliuza huko, na siwalaumu, maana ada ya shule haisubiri malipo ya pili. Baba aliendelea kupeleka magunia yake chamani. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Mwanangu, wale wanaijua kahawa yangu. Hawa wananijua mimi. Nikipunjwa, najua mlango wa kugonga."

Nadhani alisema yote. Uaminifu wa mteja si shukrani kwa bei nafuu. Bei tumekwisha kuilipa. Uaminifu ni kuwa tayari kumsamehe muuzaji kosa, kwa kutumaini kwamba naye atakusikiliza siku utakapolalamika. Mizani hukosea popote duniani. Lakini asiyeweza kukusikiliza, utamsameheje? Huyo haaminiwi, hutumiwa tu. Duka lile nililitumia, nalo likanitumia, na tulipoachana hapakuwa na uaminifu wa kupotea.

Ningeishia hapa, ningejiona mwenye haki. Lakini juma lililofuata nilishuka Mbuyuni. Kibanda bado kipo, ila sasa kinauza kava na chaja za simu. Yule kijana alinitambua mara moja.

"Shikamoo, mwalimu. Umepotea sana!"

"Marahaba," nilijibu, nikakosa la kuongeza.

Hakuniuliza nilikuwa wapi, wala hakunikumbusha CD alizonibadilishia. Aliuliza habari za mwanangu, kwa jina. Ndipo nilipoelewa kwamba katika habari hii mimi ndiye niliyetangulia kuvunja uaminifu. Huyu alikuwa na mlango, nami niliacha kuugonga kwa ajili ya punguzo. Bei zake zote nililipa, na bado nilikuwa na deni lake.

Nilinunua chaja moja, ingawa nyumbani ninayo, na sikuomba apunguze bei. Najua deni lenyewe halilipwi kwa chaja.