Mwili ni Amana: Upasuaji wa Urembo Ng'ambo

Upasuaji wa urembo, yaani ule unaobadili umbo la kiungo kisicho na ugonjwa, huwavuta baadhi ya Watanzania kwenda Uturuki na India kutafuta bei nafuu. Kwa muumini wa Buger, wilayani Karatu, swali la kwanza si la fedha bali la imani, kwani Paulo aliwafundisha Wakorintho kuwa mwili ni hekalu la Roho, na wanazuoni wengi wa Kiislamu hutenganisha kurekebisha kilema, jambo linaloruhusiwa, na kubadili maumbile kwa ajili ya uzuri tu.

Hatari nayo ni bayana: mafuta yanayodungwa makalioni ili kuyakuza yakipenya kwenye mshipa mkubwa wa damu hufika mapafuni na kuweza kuua papo hapo, na mwaka 2018 jopo la madaktari wapasuaji lilikadiria kuwa vifo huenda vikafikia kimoja kwa kila wagonjwa 3,000 wanaofanyiwa upasuaji huo. Anayerejea na mshono ukivuja usaha, ilhali aliyemshona yuko ng'ambo, hutibiwa na daktari asiyejua kilichofanywa ndani. Kwa hiyo, anayeulinda mwili kama amana hana budi kuuliza, kabla ya bei, nani atauwajibikia.