Kodi ya Miezi Sita kwa Mgeni wa Miezi Miwili

Kudai haki yako si sawa na kutenda haki. Mtu anaweza kudai kile tu ambacho sheria na desturi zinamruhusu, na bado akamwacha mwenzake ameonewa. Jambo hili ni la zamani, wala sidhani kuwa nitalimaliza katika kurasa hizi chache. Nitalipima kwa kitu kidogo kinachotokea kila mwaka katika vitongoji vinavyokizunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nacho ni chumba cha kupanga cha mwanafunzi.

Chuo hicho kilianza mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 tu wa sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kwa kizazi kile, aliyepata nafasi ya masomo alipata na kitanda, na gharama zilikuwa za serikali. Leo wanafunzi ni maelfu kwa maelfu. Mabweni ya Magufuli, yaliyofunguliwa Aprili 2017, yalijengwa kwa wanafunzi 3,840, na bado wengi hushuka kutafuta vyumba Changanyikeni, Msewe, Survey, Mwenge na Sinza. Tena wapo wenye shida ya aina yake: wanaokihitaji chumba kwa muda mfupi. Huyu anatoka chuo cha mkoani, amekuja kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi za jijini kwa wiki nane. Yule amerudi kurudia mtihani mmoja, naye anataka pa kulala kwa wiki mbili tu.

Mjukuu wangu anayesoma Dodoma alikuwa mmoja wa wageni hao wa miezi miwili. Nilizunguka naye siku mbili, tukiongozwa na dalali. Chumba kimoja cha Changanyikeni kilitufaa: kina dirisha kubwa, na maji yapo uani. Kodi ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, lakini ilitakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja kwa dalali. Jumla shilingi 420,000. Kwa miezi miwili ambayo kijana angelala pale, thamani ya chumba ilikuwa 120,000.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane. Alinipa shikamoo, akatukaribisha barazani, akatueleza bila kuficha. "Mwalimu," alisema, "marehemu mume wangu na mimi tumeijenga nyumba hii miaka kumi na moja, tofali kwa tofali. Sina pensheni. Vyumba hivi vitatu ndiyo shamba langu. Nikimpokea kijana wa miezi miwili, akiondoka chumba kikakaa kitupu, nani atanilisha? Na waliowahi kuondoka usiku bila kulipa, nimkamate nani?"

Sikuona uongo katika maneno yake. Anayemwita mama huyu mlafi aseme kwanza ni nani mwingine anayemtunza.

Kizazi chetu kilifundishwa jawabu la haraka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, maana kuishi kwa kodi kulihesabiwa kuwa ni kuishi kwa jasho la wengine. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kisha likaja Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, nalo likalegeza masharti yale, na hapo wengi wetu tukaruka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili: tukaanza kusema kwamba bei ni makubaliano ya wawili, asiyetaka aende zake. Naona majibu yote mawili hayamfikii mama yule. Jibu la kwanza linamfanya mnyonyaji kwa vyumba vitatu vya tofali za saruji. La pili linamwondolea wajibu wowote kwa kijana aliyesimama mlangoni pake na begi, kana kwamba asiye na pa kulala ana uhuru sawa na mwenye ufunguo.

Wapo watakaosema tunachokosa ni ukarimu wa zamani. Nilikuwa mkuu wa shule mikoani kwa miaka mingi, na kila mwaka tulipokea walimu wanafunzi waliokuja kwa mazoezi ya kufundisha. Hakuna hata mmoja aliyelala nje. Huyu alipewa chumba katika nyumba ya mwalimu, yule alipokelewa na mzazi, na unga uliletwa bila kuombwa. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Kule chumba hakikuwa chakula cha mtu. Aliyempokea mgeni hakupoteza mlo kwa kumpokea, maana mlo wake ulikuwa shambani. Kumtaka mjane wa mjini awe mkarimu kwa kitu pekee kinachomlisha ni kumtaka atoe zaidi ya tulichotoa sisi.

Basi tutafute haki, tuuache ukarimu kwa muda. Nadhani katika kodi ile ya miezi sita kuna vitu viwili vilivyofungwa katika furushi moja. Cha kwanza ni hatari: chumba kinaweza kukaa kitupu, na mpangaji anaweza kutoroka. Hatari hiyo ni ya kweli, na si dhuluma kuitoza. Kama mama angesema, "Mgeni wa muda mfupi atalipa 80,000 kwa mwezi badala ya 60,000, na atalipa yote kabla ya kuingia," ningemwona ametenda haki. Cha pili ni uhitaji wa mwenzake. Mwezi wa tatu kijana ameshaondoka, na karibu na chuo kikuu mpangaji mwingine hachelewi kubisha hodi. Akiingia huyo naye akalipa, chumba kimoja kimelipwa mara mbili kwa mwezi uleule. Fedha hiyo ya pili si malipo ya hatari, kwa kuwa hatari haikutokea. Imepatikana kwa sababu moja tu, kwamba kijana alikuwa na shida kuliko mwenye chumba. Hapo ndipo ninapouona mpaka: hatari yako unaweza kuitoza, lakini shida ya mwenzako si mali yako uiuze.

Na shida isipopewa nafasi mlangoni, haipotei. Huhamia kwa mwingine. Mjukuu wangu hakukichukua chumba kile. Alipokelewa na rafiki yake anayesoma Mlimani, katika chumba cha Msewe, wakalala wawili kitanda cha futi tatu na nusu kwa wiki nane. Wanafunzi wana neno lao: kubebana. Mwenye kitanda humbeba asiye nacho, na katika mabweni hufanya hivyo hata pale kanuni zinapokataza. Kama mwalimu mkuu mstaafu sipendi kanuni zivunjwe. Msongamano huleta maradhi na ugomvi. Lakini nimejiuliza ni nani hasa anayelipa. Ni kijana mwenye kitanda, ambaye hakualika shida hiyo, na analipa kwa usingizi wake na kwa muda wake wa kusoma. Mzigo ambao chuo, ofisi zinazopokea wanafunzi na wenye nyumba wangeugawana ukawa mwepesi, umetua juu ya godoro la mwanafunzi mmoja.

Dawa zake si ngumu. Mwenye nyumba aandike katika mkataba kwamba mpangaji mpya akipatikana, kodi ya miezi iliyobaki itarudishwa. Chuo chenye vitanda vitupu wakati wa likizo ndefu kiwapangishe wageni wa vyuo vingine kwa wiki. Ofisi inayomwita kijana kutoka mkoani imwandikie barua ya dhamana. Hakuna hapo anayeombwa kutoa sadaka.

Kwa anayetaka kipimo cha kubeba kichwani, mimi ninacho kimoja. Mwenye chumba ajiulize kama anaweza kuifanya hesabu yake kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, mzazi wa kijana akiwa ameketi mbele yake. Ile anayoweza kuitaja bila kushusha macho ni kodi. Ile ambayo sauti inakwama hapo, airudishe.