Kiongozi wa Kwanza

Waswahili husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kampuni nayo ina utoto wake, na aliyeishika mkono siku za kwanza huiachia tabia zake, njema na mbaya. Basi, msomaji, yafaa tujiulize: ni sifa gani ya kiongozi wa kwanza iikuzayo kazi yake? Ni nguvu ya kuamuru, au ni wepesi wa kusikia?

Ukitoka Spring Valley, Nairobi, ukashuka Westlands hadi barabara ya Waiyaki, utaiona nyumba ya Safaricom. Mwaka 2000 kampuni hiyo ya simu ilikuwa na wateja wasiofika 20,000. Mali ilikuwa ya Telkom Kenya na Vodafone, lakini malezi yalikuwa mikononi mwa Michael Joseph, mkurugenzi mkuu wake wa kwanza. Hakuwa mtu wa kupamba maneno. Alipata hata kusema hadharani kuwa Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, na neno hilo halikusahauliwa.

Lakini tutazame matendo yake. Mshindani wake alipotoza kwa dakika, yeye alitoza kwa sekunde, hata mtu mwenye shilingi chache akaweza kusema neno lake akakata simu. Kisha ikaja M-Pesa. Wazo lilitoka kwa watu wa Vodafone, nalo lilijaribiwa mwaka 2005 ili wakopaji wadogo walipe madeni yao kwa simu. Wakopaji wakafanya lisilotazamiwa: wakatumiana fedha wao kwa wao. Kiongozi mwenye kiburi angaliwakataza. Hapa mpango ndio uliobadilishwa, na Machi 2007 huduma ikatolewa kwa watu wote, ya kupeleka fedha nyumbani.

Labda utasema kuwa pasipo amri hapana kazi. Ni kweli. Ilihitajika amri kuiingiza kampuni katika jambo ambalo halijapata kuonekana nchini. Lakini amri hiyo ilifaa kwa sababu ilitanguliwa na sikio. Amri isiyosikia ingaliuza huduma ya kulipa madeni tu, wala watu wasingaliitaka.

Joseph alipoondoka mwaka 2010, wateja walikuwa wamepita milioni 16. Bob Collymore akashika usukani mpaka alipofariki mwaka 2019. Joseph akaitwa kushikilia kwa muda, na Aprili 2020 akampisha Peter Ndegwa. Kazi haikufa kwa kuondoka kwa mtu.

Nawe, msomaji, huenda leo u kiranja wa darasa, na kesho utaanzisha kampuni yako. Wenzako wakiitumia kazi yako kwa njia usiyoikusudia, usikimbilie kuwakemea. Waulize kwanza wanatafuta nini, ndipo utoe amri.